Gari la Kikundi Likikataa Kupiga Stata: Tuanzie Wapi?



Vikundi vingi vyenye gari vina gari moja tu, tena kuukuu. Ndilo hupeleka maziwa na mahindi, na ndilo hukimbiza mgonjwa hospitali usiku. Siku moja dereva anazungusha ufunguo na injini haizunguki. Fundi anaitwa, anatazama kidogo, anasema, "Stata imekufa, leteni pesa ya ingine." Akiba ya miezi mingi inatoka. Wiki ya pili gari imekataa tena, maana ugonjwa haukuwa kwenye stata. Ulikuwa kwenye kichwa cha betri kilichojaa unga mweupe.

Katika toleo hili tutaeleza jinsi ya kutafuta ugonjwa kabla ya kutoa pesa. Tutachukua mfano wa Peugeot 504, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1968 na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Magari mengine ya gia za mkono ya rika hilo hayana tofauti kubwa.

STATA HUFANYAJE KAZI?

Ukizungusha ufunguo, umeme kidogo hupita kwenye waya mwembamba hadi kwenye solenoidi, yaani ile swichi kubwa iliyobebwa na stata. Solenoidi hufanya kazi mbili. Husukuma kigurudumu cha meno kishikane na meno ya flaiwili ya injini. Halafu huunganisha umeme mwingi wa betri uingie ndani ya stata kwa waya mnene. Umeme huo hurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa athi. Njia hii ikikatika mahali popote, injini haizunguki.

Kumbuka: injini ikizunguka vizuri lakini haiwaki, huo ni ugonjwa mwingine, wa mafuta ama wa moto wa plagi. Leo hatuuzungumzii.

KABLA YA KUGUSA

Weka gia huru, vuta handibreki, na uweke mawe kwenye magurudumu. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri, kwa sababu hutoa hewa inayoweza kulipuka. Vua saa na pete za chuma.

HATUA ZA KUFUATA

1. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Mtu mmoja asimame mbele atazame taa, mwingine asikilize.

(a) Taa zinafifia sana ama kuzima, na unasikia tk-tk-tk: betri haina nguvu, ama vichwa vyake ni vichafu au vimelegea.

(b) Taa zinabaki kali na hakuna sauti yoyote: umeme haufiki kwenye solenoidi. Shuku swichi ya ufunguo ama ule waya mwembamba.

(c) Taa zinabaki kali na unasikia "tak" moja: solenoidi imevuta, lakini umeme mwingi haupiti. Shuku solenoidi, kaboni za stata, ama waya mnene.

(d) Taa zinafifia na unasikia "tak" moja nzito: kama betri ni nzima, huenda stata imekwama ama injini yenyewe imeshika.

Wengine husema, "Taa zinawaka, kwa hivyo betri ni nzima." Sivyo. Taa mbili za mbele hutumia kama ampia 9 tu, lakini stata hutaka zaidi ya 100. Betri yaweza kuwasha taa na isiweze kuzungusha injini.

2. Safisha vichwa vya betri. Fungua kwanza ule waya unaoshikana na bodi, na uurudishe mwisho. Mwagia maji ya moto yenye magadi, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Mukiwa na mita, betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12 inahitaji kuchajiwa.

3. Fuata waya wa athi kutoka betri hadi bodi, na kutoka bodi hadi injini. Huu husahauliwa sana. Shika waya mnene wa kuazima umeme, funga upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Stata ikizunguka sasa, ugonjwa ni athi.

4. Kama kuna kimya kabisa, chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja uguse chuma cha injini, mwingine uguse mahali waya mwembamba unapoingia solenoidi. Mwenzako azungushe ufunguo. Balbu isipowaka, tafuta kuanzia swichi. Ikiwaka, ugonjwa uko kwa solenoidi.

5. Stata iliyokwama. Zima ufunguo, ingiza gia ya juu kabisa, toa handibreki na mawe, halafu sukuma gari mbele na nyuma kidogo kidogo. Mara nyingi meno huachana. Magurudumu yakikataa kabisa kuzunguka, injini imeshika. Msilazimishe, iteni fundi.

6. Mwenzako akiwa amezungusha ufunguo, gonga stata polepole kwa mpini wa nyundo. Ikizunguka, kaboni zimekwisha. Kaboni hubadilishwa, si lazima kununua stata nzima.

KUSUKUMA GARI

Hii ni faida ya gia za mkono, lakini si dawa. Ufunguo uwe umewashwa, maana ukiutoa usukani waweza kujifunga. Kanyaga klachi, ingiza gia ya pili, gari likipata mwendo achilia klachi. Mtu yeyote asisimame mbele. Injini ya petroli haitawaka kama betri imekufa kabisa, kwa kuwa plagi zahitaji umeme. Injini ikishawaka, pima betri: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikiwa chini ya 13, tazameni mshipi wa feni na alteneta, la sivyo kesho mtasukuma tena.

Fundi anayesema kitu kimekufa, mwombeni awaonyeshe kwa balbu ama mita, na awaachie kile cha zamani alichotoa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho gari letu lilipokataa, tulilipa nini, na nani alihakikisha ugonjwa?
2. Ni wanachama gani wawili, mbali na dereva, watajifunza hatua hizi?
3. Je, tuna spana, msasa, balbu ya kupimia na daftari la gari?