Silaha Isiingie Dukani

Mwenye duka wa Mhunze afanye nini, mteja akiingia na bunduki begani? Na kijana wake wa kazi akitaka kuweka bastola chini ya meza, amruhusu?

Hofu ya wezi si jambo la kucheka. Wazee wa Usukuma wanakumbuka wezi wa ng'ombe waliotisha vijiji baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, wengine wakiwa na bunduki. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wakaunda Sungusungu. Walishika pinde na mishale, lakini hakuna aliyekwenda peke yake: yowe lilipigwa, wote wakatoka, mtemi wao akawaongoza. Hata hivyo wengine walijichukulia hukumu, na damu ikamwagika.

Ikiwa kundi lenye kiongozi lilikosa, je, mtu mmoja dukani? Hasira yake ndiyo mtemi wake. Ugomvi wa chenji waweza kuleta msiba. Na mwizi akijua kuna bastola, ataitaka hiyo pia.

Sheria ya silaha ya mwaka 2015 yadai kibali. Lakini kibali hakiondoi hofu ya mama aliyekuja kununua chumvi, mtoto mgongoni.

Basi, ndugu mwenye duka, mwombe mteja kwa adabu aiache silaha nyumbani. Fedha za mauzo usizilaze dukani. Zamu ya ulinzi pangeni pamoja na majirani. Bwana Yesu alimwamuru Petro arudishe upanga wake alani, usiku ule ule wa hatari. Nasi tumtii.