Safari ya melini: switi ao chumba chenye balkoni? Swali la kwanza si bei

Anayesafiri kati ya Goma na Bukavu kwa njia ya Ziwa Kivu anajua swali linalomsubiri kwenye dirisha la tiketi: VIP, klasi ya kwanza, ya pili ao ya tatu? Jibu linategemea mfuko. Linategemea pia namna mtu anavyotaka kupitisha safari: kujinyoosha kwa utulivu, ao kubanwa katikati ya watu na mizigo. Asubuhi, wote wanashuka bandari moja, kwa saa ileile.

Swali hilohilo, kwa bei kubwa zaidi, linawasubiri watoto wa Kivu wanaoishi Ulaya na Amerika wanapotaka kuwatembeza wazazi wao kwenye zile meli kubwa za utalii za Bahari ya Mediterania ao za Karibea. Huko tiketi haiitwi VIP. Inaitwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, chumba chenye dirisha, chumba chenye balkoni, na juu kabisa, switi, yaani chumba kikubwa chenye sebule yake. Wengi wanaotaka kumheshimu mzazi wanabaki kusitasita kati ya hivi viwili vya mwisho.

Chukua mfano wa familia moja yenye watoto wanne: wawili Bruxelles, mmoja Montréal, mmoja amebaki Goma karibu na wazazi. Baba na mama wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Watoto wanachanga pesa, na kwenye kundi la WhatsApp mabishano yanaanza. Yaya mkubwa anataka wazazi walale katika switi, sababu heshima ya mzazi haihesabiwi. Mdogo anajibu kwamba balkoni inatosha, na pesa inayobaki ilipie wengine nafasi. Wote wawili wanawapenda wazazi. Lakini kila mmoja anafikiria kitu tofauti kinachonunuliwa.

Kinachouzwa hasa

Chumba chenye balkoni, kwenye meli nyingi za leo, kina ukubwa wa meta za mraba 15 hadi 20 hivi: kitanda cha watu wawili, meza, bafu ndogo, na mlango wa kioo unaofungukia kibaraza chenye viti viwili. Zamani kibaraza hicho kilikuwa cha matajiri peke yao. Mabadiliko yalionekana wazi mwaka 1984, wakati meli Royal Princess, iliyozinduliwa Southampton na Diana, binti mfalme wa Wales, ilipotoka bila chumba hata kimoja cha ndani, na vingi kati ya vyumba vyake vikiwa na balkoni. Tangu hapo makampuni yameendelea kuongeza balkoni, na leo ni chumba cha kawaida.

Switi inaongeza nafasi. Ndogo zinaanzia meta za mraba 25 ao 30. Kubwa zinapita 100. Kwenye Icon of the Seas, meli ya meta 365 iliyojengwa Turku, nchini Finlandi, na kuanza kazi Januari 2024, kuna hata nyumba ya familia ya orofa tatu yenye mtelezo wa watoto ndani. Meli hiyo inaweza kubeba abiria 7.600.

Jina Meyer, la familia yenye kiwanda hicho cha Turku, si geni kwenye maziwa yetu. Ni kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilichojenga mwaka 1913 meli Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa katika makasha na kupelekwa hadi Kigoma. Leo inajulikana kama Liemba, yenye vyumba vya klasi ya kwanza na ya pili, na viti vya klasi ya tatu. Mwaka 1997, pamoja na meli Mwongozo, ilitumiwa kuwarudisha nyumbani zaidi ya wakimbizi 75.000 waliokuwa wamekimbia vita vya Zaire. Kugawa meli kwa klasi, basi, si jambo jipya kwa watu wa Tanganyika wala wa Kivu.

Mlango usiofunguka kwa wote

Lakini nafasi si kitu cha pekee ambacho switi inauza. Kwenye meli nyingi mpya, switi bora ziko katika sehemu iliyofungwa, kama meli ndani ya meli. Kampuni MSC inaiita Yacht Club. Norwegian inaiita The Haven. Mlango unafunguka kwa kadi tu. Ndani kuna sebule ya pekee, bwawa la pekee, mgahawa wa pekee, na mtumishi anayefungua masanduku na kuleta chai. Kwenye MSC World Europa, meli ya meta 333 iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na yenye uwezo wa kubeba watu 6.762, aliye ndani ya sehemu hiyo anaweza kukaa bila kusikia kelele za maelfu wengine.

Kwa anayetafuta utulivu, hilo ni jambo jema. Kwa familia ya mfano wetu, ni mtego. Kwa kawaida sehemu hizo hazipokei abiria wa vyumba vingine. Wazazi wakilazwa huko, na watoto wakilala chini katika vyumba vya kawaida, ule mgahawa mzuri uliolipiwa utakuwa wa baba na mama peke yao. Kila jioni watachagua: kula juu bila watoto, ao kushuka kula pamoja nao na kuacha kile kilicholipiwa. Mama aliyelea watoto wanne kwenye sinia moja anaweza kuona hiyo heshima kuwa adhabu.

Kuna jambo lingine la kuchunguza: si kila chumba kinachoitwa switi kinafungua huo mlango. Makampuni kadhaa yanauza switi ndogo ambazo, kwa kweli, ni chumba cha balkoni kilichopanuliwa kidogo. Bei inapanda, lakini mgahawa wa pekee na mtumishi havimo. Kabla ya kulipa, inafaa kuomba kwa maandishi orodha ya vyote vilivyomo katika bei.

Hesabu ya masaa

Bei zinabadilika kila wiki kufuatana na majira, lakini mara nyingi switi inagharimu mara mbili ya balkoni, na wakati mwingine zaidi. Tuseme, kwa kufanya hesabu tu, balkoni ni dola 1.000 kwa mtu mmoja kwa siku 7, na switi dola 2.200. Kwa wazazi wawili, tofauti ni dola 2.400.

Kwenye safari za Mediterania, meli inatia nanga karibu kila siku katika muji mwingine: Genova, Napoli, Barcelona, Marseille. Abiria anashuka asubuhi, anarudi jioni, anakula, anaangalia muziki, analala. Akikaa chumbani masaa 3 kwa siku akiwa macho, ni masaa 21 kwa wiki. Tofauti ile ya dola 2.400 inakuwa karibu dola 114 kwa kila saa. Kwa pesa hiyohiyo, mtoto aliyebaki Goma na mwenzi wake wangepata balkoni, na dola 400 zingebaki.

Hesabu inageuka kama mzazi ana magoti mabovu, anachoka haraka, ao hapendi makundi ya watu. Huyo atakaa chumbani nusu ya siku, na sebule pana yenye kiti kizuri itamsaidia kweli. Inageuka pia kwa wazazi wenye watoto wadogo wanaolala mapema, sababu sebule inawapa watu wazima fasi ya kuongea bila kuzima taa. Hata hivyo, vyumba viwili vya balkoni vyenye mlango kati yake mara nyingi vinagharimu kidogo kuliko switi moja, na vinatoa bafu mbili.

Kuna gharama ambazo hazionekani kwenye tangazo. Bei inahesabiwa kwa watu wawili katika chumba. Anayelala peke yake mara nyingi anatozwa karibu kama wawili. Makampuni mengi yanakata matabishi ya wafanyakazi kila siku, kwa kila mtu, na kwenye meli kadhaa za Marekani kiwango cha switi ni cha juu. Vinywaji na intaneti vinalipiwa kando, isipokuwa kama mkataba unasema vimo.

Balkoni zote si sawa

Anayechagua balkoni naye afungue macho. Kwenye meli kubwa sana, kuna balkoni zinazotazama ndani, juu ya bustani ao barabara ya maduka ya meli, maji hayaonekani. Nyingine zimezibwa na mashua za kuokolea watu. Chumba kilicho chini ya bwawa kinasikia viti vikiburutwa alfajiri. Kilicho juu ya ukumbi wa dansi kinasikia ngoma hadi usiku wa manane.

Na bahari inatikisa. Sehemu inayotikisika kidogo ni katikati ya meli, kwenye sakafu za chini. Switi nyingi ziko juu, na nyingine ziko mbele ao nyuma kabisa, ambako mawimbi yanasikika zaidi. Mzazi anayepata kichefuchefu hata kwenye boti ya Bukavu anaweza kulala vizuri zaidi katika balkoni ya katikati kuliko katika switi ya gharama kubwa.

Paspoti kabla ya chumba

Kwa wenye paspoti ya Kongo, kosa kubwa zaidi si kuchagua chumba kibaya. Ni kulipa chumba kabla ya kuwa na uhakika wa visa. Meli inayozunguka Italia, Ufaransa na Uhispania inahitaji visa ya Schengen. Ikipitia Tunis, abiria anatoka katika eneo la Schengen na kurudi: anahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja, na kuulizia masharti ya Tunisia. Mtoto wa Bruxelles mwenye kadi halali ya ukaaji wa Ubelgiji anaweza kuzunguka ndani ya Schengen. Yule wa Montréal, kama bado ana paspoti ya Kongo peke yake, anahitaji visa sawa na wazazi wake, hata kama ana haki ya kukaa Canada.

Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu ya angalau euro 30.000 inaombwa. Kwa wazazi walio Goma ao Bukavu, safari ya kwenda Kinshasa iingie katika hesabu. Upande wa meli, malipo kamili yanadaiwa mara nyingi miezi 2 ao 3 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo pesa inarudi kidogo ao hairudi kabisa. Visa ikikataliwa, anayepoteza switi anapoteza zaidi kuliko anayepoteza balkoni. Tiketi inayokubali kurudishiwa pesa, hata ikiwa ghali kidogo, inaweza kuokoa mchango wa mwaka mzima.

Kile ambacho klasi haipaswi kuamua

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, Titanic ilizama. Ndani yake kulikuwa na switi zenye ubaraza wa pekee. Kati ya abiria wa klasi ya kwanza, karibu 6 kwa 10 waliokoka. Wa klasi ya tatu, karibu 1 kwa 4. Wale wa chini walikuwa mbali na mashua, na njia ya kuzifikia ilikuwa ndefu. Tangu hapo sheria za bahari zimebadilika: mashua zitoshe watu wote, na kila abiria awe na kituo chake cha kukusanyika. Baada ya Costa Concordia, iliyoua watu 32 huko Italia mwezi wa Januari 2012, zoezi la usalama linafanyika kabla meli haijaondoka ao mara tu inapoondoka. Wa switi na wa chumba cha ndani wote wanalifanya.

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Pale, kitu cha maana kilikuwa jile ya kujiokoa na idadi ya watu ndani ya boti.

Kwa familia ya mfano wetu, basi, mazungumzo ya WhatsApp yangeanza upande mwingine. Kwanza: nani ana visa, na nani ataipata? Pili: baba na mama watapenda kukaa wapi mchana, na miguu yao inaweza nini? Tatu: jioni, watu wangapi watakaa meza moja? Majibu yakionyesha wazazi wawili wanaotaka kupumzika peke yao, switi ina faida yake. Yakionyesha wazazi wanaotaka kuona watoto wao wote wanne kwa pamoja, labda kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, vyumba vya balkoni vilivyofuatana kwenye sakafu moja vitawafaa zaidi. Asubuhi mama atafungua mlango wa kioo, na kwenye balkoni ya jirani atamuona mtoto wake akiwa na kikombe cha chai.