Kompyuta ikikataa kuwaka, daftari la kikundi liko wapi?



Kwetu Masisi na Walikale vipo vikundi vya akiba, zile AVEC zetu, ambavyo siku hizi vinaandika hesabu kwenye kompyuta ya nyumbani kwa karani. Humo mna majina ya wanachama, hisa, mikopo na faini. Kompyuta hiyohiyo ina pointi za wanafunzi kama mwenye nyumba ni mwalimu, ina kazi za watoto, ina picha za familia. Sasa mashini ikikataa kuwaka wiki mbili kabla ya siku ya kugawana, hiyo si shida ya mama mmoja tena. Ni shida ya wote walioweka hisa.

Mafundi wengi watakuambia mara moja: "Tuformate." Usikubali haraka. Kuformata ni kufuta diski na kuanza upya. Mashini itawaka vizuri, lakini hesabu zenu hazitakuwamo. Kuponya mashini ni jambo moja, kuokoa kazi iliyo ndani yake ni jambo lingine.

Anza na mambo madogo

Chomoa flashi na kila kitu kilichounganishwa, kwa sababu mara nyingine mashini inajaribu kuwakia kwenye flashi na kushindwa. Chomoa chaja, na kama batri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30, kisha rudisha chaja na uwashe. Pale tunapotumia plaki za jua, jaribu pia kwenye umeme mwingine wenye nguvu, maana chaja isiyopata umeme wa kutosha inafanana sana na kompyuta iliyokufa.

Mashini inajua kujiponya, lakini soma kabla ya kubonyeza

Windows 10 na Windows 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, zenyewe hufungua ukurasa wa bluu wenye njia za kujiponya. Kama mashini bado inawaka ila inasumbua, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, na ukurasa huo utakuja. Ingia palipoandikwa "Dépannage". Humo utakuta njia hizi, na hazilingani hata kidogo:

"Restauration du système" inairudisha mashini katika hali yake ya siku fulani iliyopita. Haigusi barua, hesabu wala picha zako, ila programu zilizoingizwa baada ya siku hiyo zinaondoka. Anza na hii. Inafanya kazi tu kama ulinzi huo ulikuwa umewashwa kabla ya shida, kwa hiyo leo, mashini ikiwa nzima, tafuta "Protection du système" uhakikishe umewashwa.

"Réinitialiser ce PC" inaweka Windows upya. Itakuuliza swali moja lenye majibu mawili. "Conserver mes fichiers" inaacha kazi zako, lakini inaondoa programu ulizoingiza, hata ile ya hesabu. "Supprimer tout" inafuta vyote. Kati ya majibu hayo mawili pana mbofyo mmoja tu, na humo ndimo hesabu za mwaka mzima zinaweza kupotelea.

Njia ya kiwandani ni ile ya kubonyeza kitufe mashini inapowaka: F11 kwa HP nyingi, F9 kwa Asus, Alt na F10 kwa Acer. Inairudisha kompyuta ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, na kwa kawaida inafuta kila kitu chako. Kwenye mashini zilizokwisha kutumika, sehemu hiyo ya diski mara nyingi ilishafutwa. Ukibonyeza na kisitokee kitu, ndiyo sababu.

Yoyote utakayochagua, kazi hiyo inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Umeme ukikatika katikati, Windows inaweza kubaki nusu nusu. Anza asubuhi jua likiwa zuri, batri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa.

Kabla fundi hajafuta

Mwambie fundi hivi: "Nitolee kwanza kazi zangu." Anaweza kutoa diski na kuiunga kwenye kompyuta nyingine kwa waya wake, au kuiwasha mashini kwa flashi yenye Ubuntu, kisha akanakili kila kitu. Lakini diski ikilia tak-tak, zima, usiendelee kujaribu, kwa maana kila jaribio linaweza kuiumiza zaidi.

Mashini mpya mpya nyingine zinafunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48. Ukurasa wa bluu ukikuomba ufunguo huo na huna, hata fundi hodari hatafungua. Mara nyingi unapatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashini. Utafute sasa, uuandike kwenye karatasi, na usiuweke ndani ya mfuko wa kompyuta.

Kufuli tatu, nakala tatu

Sanduku la AVEC lina kufuli 3, na funguo zake ziko kwa wamama 3 tofauti. Hakuna anayefunga funguo zote kwenye kitenge kimoja. Hesabu nazo zinataka desturi hiyohiyo. Nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye kompyuta. Ya pili ikae kwenye flashi kwa mama mwingine, nyumba nyingine. Ya tatu iwe mbali kabisa: Google Drive inatoa nafasi ya giga 15 bila malipo, na faili la hesabu za kikundi kwa kawaida ni dogo, halili mega nyingi. Mahali mtandao haufiki, mpe ndugu aliye Goma au Bukavu flashi kila mara anapopita.

Januari 2025 vita vilipoingia Masisi-Centre, na Machi mwaka huo vilipofika Walikale-Centre, watu walikimbia na kile mikono ilichoweza kubeba. Flashi iliyolala kwenye mfuko mmoja na kompyuta hupotea pamoja nayo. Ile iliyokwisha kukaa kwa mwingine inabaki.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Orodha ya majina na pesa ikianguka mikononi mwa mtu mbaya, inawahatarisha wamama. Wekeni neno la siri kwenye faili hilo, wajue viongozi wawili au watatu tu, na flashi isiandikwe jina la kikundi kwa juu.

Mwisho, nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ni nzima. Kila mwezi, baada ya mkutano, ifungueni kwenye kompyuta nyingine, msome mstari wa mwisho na kuulinganisha na daftari la karatasi. Na hilo daftari msilitupe. Halihitaji umeme, na siku mashini zote zikinyamaza, bado litasema nani aliweka nini.