Darasa Geuzi na Ufundishaji wa Kiswahili Kakuma

Katika ufundishaji uliozoeleka, mhadhiri hueleza kanuni darasani, kisha mwanafunzi huenda kufanya mazoezi peke yake. Darasa geuzi hupindua utaratibu huo: maelezo husikilizwa kabla ya kipindi, na mazoezi hufanywa mbele ya mwalimu. Miongoni mwa walioueneza ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007.

Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, si ngeni kwa elimu ya namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wajesuti walileta hapo masomo ya chuo kikuu kwa intaneti. Lakini mtandao ukikatika, somo nalo hukatika. Kwa hiyo yafaa kutumia sauti: mhadhara wa dakika kumi uliohifadhiwa ndani ya simu husikilizwa bila mtandao, na kikundi kizima chaweza kutumia simu moja.

Tuchukue mfano wa ngeli. Mwanafunzi atokaye Kongo husema *batu balikuja* pale Kiswahili sanifu kisemapo *watu walikuja*. *Vitu* kwake ni *bintu*. Muda ukiwa mfupi, mhadhiri husahihisha kosa na kuendelea. Kanuni ikiwa imekwisha kusikilizwa, kipindi hubaki kwa ulinganishi: wanafunzi hugundua kwamba *ba-* hutawala upatanisho kama *wa-*. Hapo hujifunza usanifu pasipo kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao haina sarufi.