Pilipili Usiyoila Yakuwashiani?

Hapana nyumba ya Mwambao isiyoijua adha hii: mama ametia pilipili kavu katika mafuta yaliyochemka, na kufumba na kufumbua nyumba nzima yakohoa. Watoto hukimbilia barazani, mgeni aliye ukumbini hufuta machozi, na mpishi mwenyewe huomba radhi. Basi, msomaji, uchukue moshi huo, uuzidishe mara nyingi, kisha ufikiri wapulizwa usoni mwako kwa makusudi, nawe umesimama wima kwa amri. Hivyo ndivyo wafanyiwavyo makuruta katika vyuo vingi vya polisi huko Marekani, kabla hawajaruhusiwa kubeba kiunoni mkebe wa dawa ya pilipili.

Pilipili hii asili yake ni bara la Amerika, nayo haikufika pwani zetu ila baada ya merikebu za Wazungu kuanza kuvuka bahari kuu. Sisi tuliifanya kiungo na achari. Wamarekani waliifanya silaha pia. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliikubali rasmi mwaka 1987, na polisi wa miji mingi wakafuata.

Siku ya mafunzo makuruta hupangwa mstari, na mkufunzi humpulizia kila mmoja toka jicho hadi jicho. Kwa nukta mbili tatu, kuruta huona ni jambo dogo. Kisha macho hujifunga yenyewe, kamasi na machozi humbubujika, kifua humbana na ngozi humwaka. Hapo ndipo kazi huanza. Hutakiwa apige ngumi mto wa ngozi, aizuie bastola yake isinyang'anywe, amtie mtu pingu na atoe taarifa kwa simu ya upepo. Akimaliza, wenzake humwongoza kwenye mpira wa maji, humpa sabuni ya watoto na kumsimamisha mbele ya panka. Maumivu makali hudumu kama nusu saa au zaidi. Na usiku aogapo, mabaki yaliyo kichwani huteremka na maji, naye huanza upya.

Maji matupu hayafui dafu, kwa kuwa ukali wa pilipili hukaa na mafuta. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius wa San Francisco na wenzake walitambua ya kwamba pilipili hugusa mahali pale pale katika mishipa ya fahamu paguswapo na joto kali. Kwa hiyo ubongo hupelekewa habari za moto, ingawa moto haupo.

Kwa nini basi kuteswa huku? Wakufunzi hutoa sababu mbili. Kwanza, askari ajue aweza kujiokoa hata upepo ukimrudishia dawa usoni. Pili, ajue anachompa mwenzake, apate kuwa na huruma. Ya kwanza haina ubishi. Ya pili yataka kuangaliwa.

Mwaka 1997, huko Humboldt, jimbo la California, watu waliopinga ukataji wa miti walijifunga mikono ndani ya mabomba ya chuma, wakakaa kitako. Askari walichovya pamba katika dawa ya pilipili, wakawapaka machoni. Kesi ilisikizwa mara tatu. Mwaka 2005 jopo la raia likaamua kuwa nguvu ilipita kiasi, japo kila mlalamishi alipata fidia ya dola 1 tu.

Kuruta ajua saa atakayopuliziwa, ajua maji yako wapi, na yuko mtu wa kumshika mkono. Raia wa barabarani hajui lolote. Pengine ana pumu, na kwa kuwa yumo pinguni hawezi hata kufuta macho. Na yule asemaye, "Mimi nilipuliziwa, nami sikufa," yaelekea moyo wake umeota sugu badala ya kulainika.

Sisi tufungao Ramadhani twalijua jambo hili. Tukifunga, twaonja njaa ya maskini; lakini twajua magharibi itaingia, na futari i tayari mkekani. Maskini hana adhana ya kumfungulia njaa yake. Ndiyo maana kabla ya sala ya Idi twatakiwa kutoa zaka ya fitri, kwani kuonja peke yake hakutoshi.

Askari naye ana zaka yake. Ikimlazimu kuitumia dawa ile, mara tu hatari ipitapo ampeleke aliyepuliziwa penye hewa safi na maji. Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Askari huyu ameila, na imemwasha. Na siku mkebe u mkononi mwake, aliye mbele yake hana mtu wa kumshikia mpira wa maji ila yeye.