Udugu Usio wa Damu: Mwingiliano wa Tanzu katika Riwaya ya Light From Uncommon Stars ya Ryka Aoki

1. Utangulizi

Makala hii inafafanua jinsi mwingiliano wa tanzu unavyojenga dhamira ya udugu usio wa damu katika riwaya ya Light From Uncommon Stars ya mwandishi Mmarekani Ryka Aoki. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa zilizowania Tuzo ya Hugo. Hoja kuu ni kwamba tanzu zilizochanganywa humo si pambo la kifani. Zote zinauliza swali moja: je, thamani ya mtu hutokana na asili yake?

2. Tanzu Tatu katika Mandhari Moja

Mandhari ya riwaya ni Bonde la San Gabriel, mashariki mwa jiji la Los Angeles, eneo lenye wahamiaji wengi kutoka Asia na Amerika ya Kilatini. Visa vitatu vinakutana humo. Cha kwanza kinafuata mapokeo ya Faust: Shizuka Satomi, mwalimu mashuhuri wa fidla, amefunga mkataba na shetani wa kumpelekea roho saba ili aikomboe yake. Ameshapeleka sita. Cha pili ni cha bunilizi ya kisayansi: Lan Tran, nahodha wa chombo cha anga, ameikimbia himaya ya galaksi pamoja na jamaa zake, nao wanajificha kwa kuendesha duka la donati. Cha tatu ni cha kihalisia: Katrina Nguyen, msichana ambaye alipozaliwa alihesabiwa kuwa mvulana, ametoroka kipigo cha baba yake. Shizuka anamchagua awe roho ya saba.

Kila utanzu unakuja na kanuni yake. Katika mapokeo ya Faust roho ina bei. Katika bunilizi ya kisayansi karibu kila kitu kinaweza kutengenezwa upya. Katika uhalisia mwili na umaskini havikwepeki. Tanzu hizi zinapokutana, kila kanuni inahojiwa na nyingine.

3. Asili na Nakala

Donati za Lan zinanakiliwa kwa mashine, bila unga kukandwa. Shirley, anayeishi na jamaa hao, ni hologramu. Lucy Matía, fundi wa fidla, amerithi karakana ya ukoo ulioamini kwamba ufundi huo ni wa wana wa kiume. Katrina naye amejinoa kwa kupiga muziki wa michezo ya kompyuta na kuusambaza kwenye intaneti, mbali na kumbi za heshima. Wote watatu, donati zikiwa za nne, wanakabiliwa na shutuma ileile: kwamba si halisi.

Jibu la riwaya linapitia muziki, hususan Sonata ya Fidla Pekee ya Béla Bartók. Bartók aliitunga mwaka 1944 akiwa mhamiaji nchini Marekani, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Sonata hiyo haina piano ya kusindikiza. Katika sehemu yake ya pili, ambayo ni fuga, fidla moja hubeba sauti kadhaa kwa pamoja. Kwa Katrina, umbo hilo linafaa: mwili mmoja unabeba sauti nyingi, na msikilizaji hana haki ya kudai ibaki moja.

4. "Mwanangu" na "Binti Yangu"

Uchambuzi wa riwaya hii kwa Kiswahili unaibua tatizo ambalo matini asilia haina. Katika Kiingereza, Katrina huumizwa hata kwa kiwakilishi kimoja, kwa kuwa lugha hiyo hutenga nafsi ya tatu umoja kwa jinsia. Kiswahili hakifanyi hivyo. Viambishi "a-" na "-m-" katika "alimfukuza" havisemi aliyefukuza wala aliyefukuzwa ni wa jinsia gani. Kwa hiyo muhtasari wa Kiswahili, hata ukiandikwa kwa nia njema, unaweza kulifuta jeraha lenyewe.

Hata hivyo, mzigo huo haupotei. Unahamia kwenye nomino. "Mwanangu" hutoa undugu bila kutaja jinsia, ilhali "binti yangu" hutoa vyote viwili. Katrina anahitaji vyote viwili. Mchambuzi anayemwita "kijana" ili asiegemee upande wowote tayari ameegemea upande wa baba aliyemkana. Lan naye, anapofikia kumkubali Shirley kuwa binti yake, hatoi maelezo ya kisayansi kuhusu hologramu, anafunga undugu.

5. Hitimisho

Mkataba wa shetani unamwona Katrina kama malipo. Shizuka anapoanza kumlea, hesabu hiyo inavurugika, kwa sababu kulea hakuna bei wala hakungoji kuzaa. Ndiyo maana utanzu mmoja usingetosha: kila kanuni, ikiachwa peke yake, ingemfanya Katrina kuwa deni, kifaa au mhanga. Kwa mtafiti wa Kiswahili, funzo ni la kimbinu pia. Kutokuwapo kwa jinsia katika viwakilishi vyetu kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba lugha yetu haichagui. Huchagua, na mara nyingi huchagua kwa jina tunalomwitia mtoto.