Shule Ndogo Ng'ambo ya Mkanda

Binti wa mamangu mdogo anakaa mjini Lamu. Mwaka jana alimtoa mwanawe wa gredi ya nne katika shule ya mjini akampeleka kisiwa cha Pate, kwa nyanyake, akasome shule ya kijijini. Si akademi wala si bweni. Ni shule ya serikali ambayo watoto wake wa msingi ni mia na kumi hivi. Kundi letu la familia la WhatsApp, lenye watu London, Leicester, Toronto na Maskati, lilichemka usiku kucha. Tumezoea mambo kwenda kinyume: mtoto hutolewa kijijini akaletwa mjini, akitoka mjini huenda Mombasa, na kila hatua ina bili yake inayotufikia huku. Safari hii dada aliomba nauli ya boti na sare mbili. Basi.

Mwisho wa Julai nilikwenda nyumbani, nikataka nikaone kilichomvuta. Najua wengi wenu mnaosoma jarida hili mna mtoto wa mtu mnayemlipia huko, na swali la "tumpeleke wapi" huja na kila muhula.

Boti ya abiria ya kutoka Lamu hadi Mtangawanda, gati ya Pate, hufuata maji, haifuati saa. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika maji yakijaa. Yakipwa, nahodha hungoja, ama huzunguka nje, na Julai kusi likivuma hakuna anayetamani kuzunguka nje. Kwa hiyo nilifika shuleni asubuhi ya siku ya pili. Jina la shule silitaji, kwa kuwa mwalimu mkuu aliniomba nisilitaje, na sababu yake itakuja.

Pembeni mwa ubao wa gredi ya nne pameandikwa kwa chaki: Wavulana 8, Wasichana 9, Waliopo 16. Mwalimu hakufungua daftari la mahudhurio kumtafuta aliyekosekana. Aliangalia darasa mara moja akauliza yuko wapi, na darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba amekwenda na babake kuangalia madema. Mwalimu akamtuma mtoto wa gredi ya sita hadi nyumbani kwao, ambako si mbali kuliko msikitini. Kabla ya mapumziko mamake alikuwa mlangoni, mtandio umemkaa upande kwa haraka, anajieleza. Yule mtoto aliingia darasani saa nne na nusu, nywele bado zina chumvi.

Nilimkumbuka dada aliponiambia kwamba mjini mwanawe alikosa shule siku nne mfululizo, akikaa gatini na wenzake, na yeye akajua siku ya tano, tena kwa kuambiwa na muuza samaki. Silaumu walimu wa mjini. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, watoto waliingia kwa wingi kuliko madarasa na walimu waliokuwepo, na shule nyingi za miji ya Kenya hazijapumua tangu hapo. Mwalimu mwenye watoto hamsini na kitu mbele yake hana namna ya kumtuma mtu nyumbani kwa kila asiyekuja. Atafanya kazi hiyo saa ngapi?

Hapa Uingereza sheria ya 1998 inasema darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba lisizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na wazazi huhama nyumba kabisa ili waingie mtaa wa shule fulani. Kule Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989 walifanya jaribio kubwa la kugawa watoto kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Waliokaa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na watoto wa maskini ndio waliofaidika sana. Lakini tusijidanganye. Tennessee walipunguza madarasa kwa kuongeza walimu. Pate darasa ni dogo kwa sababu kijiji ni kidogo, na walimu nao ni wachache vilevile. Siku niliyokuwepo, mwalimu mmoja alikuwa na gredi ya pili upande huu wa chumba na gredi ya tatu upande ule, anageuka kama mpishi mwenye vyungu viwili jikoni.

Sasa alama, maana ndizo zinazotajwa kwanza. Kijijini watu bado wanasema kwamba shule yao "ilipiga" miaka ile ya KCPE. Mtihani huo wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, katika miaka yake ya mwisho ulikuwa na jumla ya alama 500, na wastani wa shule ulisomwa barazani kama matokeo ya mpira, hata baada ya serikali kuacha kuzipanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Mimi ni mtu wa hesabu kwa kazi yangu, na wastani wa shule ndogo naushika kwa uangalifu. Chukua darasa la watahiniwa 14. Mtoto mmoja wa alama 180 akiwa amehama, na nafasi yake amekaa mmoja wa alama 390, wastani wa shule umepanda kwa alama 15. Katika shule yenye watahiniwa 105, badiliko hilohilo linaleta alama mbili tu. Kwa hiyo shule ndogo inaweza kuwa ya kwanza mwaka huu na ya ishirini mwakani bila mwalimu hata mmoja kubadilisha anachofanya. Mzazi anayefuata mwaka mmoja mzuri anafuata upepo. Angalia miaka mitano.

Na siku hizi hata huo wastani haupo. Tangu 2022 watoto wa gredi ya sita hufanya KPSEA, na ripoti inasema mtoto amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia au yuko mbali nayo. Matokeo hayo huchangia asilimia 20 ya hesabu ya mwisho wa gredi ya tisa, tathmini za gredi ya saba na ya nane huchangia 20 nyingine, na mtihani wa KJSEA 60. Wazee wa barazani hawayapendi kabisa mambo haya. "Nambie alama," mmoja aliniambia, "hayo ya matarajio ni ya nani?" Nilicheka, ila sikuwa na jibu zuri. Nimeona wazazi wa huku wakipata shida hiyohiyo tangu Ofsted, wakaguzi wa shule za Uingereza, waache Septemba 2024 kuipa shule nzima neno moja la hukumu. Mzazi aliyenyang'anywa namba hurudi kuuliza jirani.

Na jirani wa Pate anasema nini? Nilipouliza wazazi kwa nini wanaipenda shule ile, hakuna aliyeanza na mtihani. Mmoja alitaja chuo. Saa nane mtoto yuko nyumbani, saa tisa yuko chuoni kwa Qurani, na mwalimu wa chuo na wa shule wanajuana, wakati mwingine wanaazimana chaki. Katika visiwa vilivyolea chuo cha Riyadha cha Habib Swaleh, shule inayogombana na ratiba ya chuo haina mvuto hata ikitoa alama za dhahabu. Mwingine, mama wa mabinti watatu, alisema binti yake mkubwa anaonekana kutoka dirishani mpaka anapoingia getini. Alilisema kama jambo dogo. Lakini ukikaa na wanawake wa visiwani utaambiwa ni wangapi walioishia darasa la sita kwa kuwa shule iliyofuata ilikuwa ng'ambo ya maji, na baba hakukubali.

Kuna pia lugha, ambayo sikuitarajia. Mtaala mpya unaagiza watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtu wa Nairobi ataona hapa hakuna tatizo, si Waswahili hawa? Lakini mtoto wa Lamu akisema ameona nyoka "ndiani", akisema ana "ndaa", au kwamba "mato" yanamuuma, anasema sawasawa kwa lugha ya kwao na kitabu kinasema amekosea. Uamuzi wa kuweka Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa mkutanoni Mombasa mwaka 1928, na tangu hapo mtoto wa mji ulioandika tenzi kabla ya shule kujengwa amekuwa akitiwa alama nyekundu kwa maneno ya nyanyake. Mwalimu wa gredi ya tatu, mtoto wa kijiji hicho, hakumkatiza aliyesema "ndiani". Alimwacha amalize kisa cha nyoka, darasa likacheka, kisha akageuka ubaoni akaandika njia, na chini yake ndia, akauliza lipi la kitabu na lipi la nyumbani. Wote walijua. Dakika mbili, somo likaendelea.

Ndipo nikaelewa kwamba udogo peke yake haufanyi kitu. Mwalimu huyo ana miaka kumi na mmoja hapo. Yule wa gredi ya nne, aliyemtuma mtoto kwenda kumwita mwenzake, ni mtu wa Kitui na yuko mwaka wa tisa. Anamjua mtoto, anamjua babake na madema yake, na alimsomesha kaka wa mtoto. Shule ndogo ambayo walimu wake hubadilika kila mwaka ni chumba chenye watoto wachache wasiojulikana. Na kaunti yetu inajua hilo vizuri. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, walimu wengi wa kutoka bara waliondoka, na shule za vijiji vya Waboni upande wa bara, kama Basuba, Milimani na Mangai, zilifungwa kwa muda mrefu. Visiwani hali haikufika huko, lakini mwalimu mgeni akipata barua ya TSC, tume inayoajiri walimu, ya kupelekwa Pate bado hupigiwa simu na mamake.

Posho ya mazingira magumu ipo. Haimshiki mtu kama hana pa kulala. Mtu wa Kitui alikaa, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu kijiji kilimpa nyumba yenye tangi la maji ya mvua na mama mmoja aliyemfundisha kupika wali wa nazi bila kuuharibu. Upande wa pili wa uwanja nilioneshwa stoo. Ndani mna kompyuta kumi na mbili zilizoletwa na wasamaria wa ng'ambo, watu kama sisi, hewa ya chumvi imeshazila. Juu ya moja kuku alikuwa anaatamia.

Pesa ndiyo inayonitia wasiwasi. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Shule ya watoto 900 hupata 1,278,000, na hii ya 110 hupata 156,200. Lakini paa lina ukubwa uleule wa kuvuja, mlinzi anataka mshahara uleule, na chaki husafiri kwa boti. Sekondari msingi, iliyoanza 2023 ndani ya shule za msingi, hupewa 15,042 kwa mwanafunzi, lakini wanafunzi 40 hawawezi kuleta mwalimu wa hesabu, wa sayansi, wa Kiingereza na wa kilimo, kila mmoja kwa somo lake. Walimu wawili wanafundisha masomo yote wakisaidiwa na kijana wa bodi ya shule anayelipwa kwa mchango wa wazazi, mwezi ukiwa mzuri wa kamba na pweza. Maabara ni kabati. Ndiyo maana dada amesema mwanawe akimaliza gredi ya sita atafikiri upya, na mimi nadhani yuko sawa. Shule inayomfaa mtoto wa miaka tisa si lazima imfae wa kumi na nne.

Siku ya kuondoka nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini hataki jina la shule liandikwe, maana wengine hulipa ili watajwe. Alikuwa anahesabu vitabu vya gredi ya tano, akahesabu mpaka mwisho ndipo akajibu. Alisema tangu dada yangu amlete mtoto, wazazi wanane wa mjini wameshampigia simu. Amepokea wawili. "Wakija wote, kaka, nitakuwa na watoto mia tatu na walimu walewale sita. Watakuwa wamehamia kulekule walikotoka." Nahodha alishaanza kuita, maji yanapwa.

Wiki iliyopita dada alituma ujumbe kwenye kundi. Mwalimu wa Kitui anaoa Desemba na chumba kimoja hakitatosha. Wanataka mabati thelathini, misumari, na mbao za paa zinunuliwe Mokowe, upande wa bara. Fundi ni wa pale pale kijijini. Karo haikutajwa.